Kufunguliwa kwa msimbo wa RISC OS

RISC OS ni mfumo wa uendeshaji wa kompyuta uliotengenezwa na kampuni ya Acorn Computers mjini Cambridge, Uingereza. Ulitolewa mara ya kwanza mwaka 1987 kwa jina la Arthur, ukapewa jina lake la sasa mwaka 1989. Ni mfumo wa kwanza wa uendeshaji uliouzwa kwa umma pamoja na kompyuta zenye vichakataji vya ARM, aina ya vichakataji ambayo leo iko ndani ya karibu kila simu ya mkononi duniani.

Acorn ilifunga idara yake ya kompyuta mwaka 1998. Miaka ishirini baadaye, mwezi Oktoba 2018, msimbo chanzo wa RISC OS uliwekwa chini ya leseni ya Apache 2.0, na tangu hapo ni programu huria kwa maana kamili ya neno hilo. Tofauti na mifumo mingine ya zamani iliyofunguliwa ili isomwe tu kama kumbukumbu ya historia, RISC OS ulifunguliwa ili uendelee kutengenezwa na watumiaji wake wenyewe.

Maana ya kufungua msimbo

Programu huandikwa na watu kwa lugha inayosomeka, yaani msimbo chanzo, kisha hugeuzwa na programu nyingine iitwayo kompaila kuwa tarakimu ambazo kichakataji hufuata. Mnunuzi hupewa tarakimu hizo tu. Kutoka kwenye tarakimu kurudi kwenye msimbo chanzo ni kazi ngumu mno: aliyenunua andazi hawezi kulirudisha kuwa unga, sukari na hamira. Kwa hiyo kampuni ikifa na msimbo wake ukabaki kabatini, hakuna anayeweza kurekebisha kosa hata moja bila kubahatisha.

Hata hivyo kuuona msimbo hakutoshi. Hakimiliki hubaki kwa mwenyewe hata kama msimbo umewekwa mahali pa wazi, na bila leseni msomaji hana ruhusa ya kuunakili, kuubadilisha wala kuugawa. Historia ya RISC OS kati ya 1998 na 2018 ni historia ya kutafuta ruhusa hiyo, na haieleweki bila kujua jinsi mfumo wenyewe ulivyozaliwa na jinsi umiliki wake ulivyotawanyika.

Asili

Acorn ilianzishwa mwaka 1978 na Chris Curry na Hermann Hauser. Ilipata sifa kwa kompyuta ya BBC Micro, iliyotolewa mwaka 1981 kwa ushirikiano na shirika la utangazaji la BBC na kuenea katika shule nyingi za Uingereza. Kichakataji chake kilikuwa cha aina ya 6502 chenye biti 8. Acorn ilipotafuta kichakataji cha kompyuta zijazo haikuridhika na vilivyokuwa sokoni, ikaamua kubuni chake. Kazi hiyo ilianza mwaka 1983, Sophie Wilson akibuni maagizo ya kichakataji na Steve Furber akibuni umbo la ndani. Chipu ya kwanza ya ARM ilifanya kazi tarehe 26 Aprili 1985.

Herufi RISC zinahusu falsafa ya ubunifu huo: kichakataji hupewa maagizo machache na mepesi ambayo hutekelezwa kwa haraka, badala ya maagizo mengi yenye utata. Matokeo yake yalikuwa chipu ndogo iliyotumia umeme kidogo, sifa ambayo wakati ule haikuonekana kuwa na uzito mkubwa, lakini ndiyo iliyoifanya ARM itawale simu.

Kompyuta ya kwanza ya mezani yenye ARM, Archimedes, ilitolewa Juni 1987. Mfumo wake wa uendeshaji ulipaswa kuwa mwingine kabisa, uitwao ARX, lakini mradi huo ulichelewa na hatimaye ukaachwa. Ili kompyuta isikose mfumo, kikundi kingine kiliandika Arthur kwa miezi michache tu, kikichukua mengi kutoka mfumo wa BBC Micro. Kilichokusudiwa kuziba pengo kikawa msingi wa kudumu. RISC OS 2 ulifuata mwaka 1989, na RISC OS 3 ulianza kutoka mwaka 1991.

Haraka ile ya 1987 inaonekana hadi leo ndani ya msimbo. Sehemu kubwa ya kiini cha mfumo iliandikwa kwa lugha ya asembla, yaani moja kwa moja kwa maagizo ya kichakataji cha ARM, si kwa lugha kama C inayoweza kuhamishwa kutoka kichakataji kimoja hadi kingine. Uamuzi huo uliufanya mfumo uwe mwepesi na wa kasi kwenye kompyuta za wakati ule. Kwa waliorithi msimbo ndio umekuwa mzigo mkubwa kuliko yote.

Sifa za mfumo

Kwenye kompyuta za Acorn, RISC OS ulikaa ndani ya chipu ya kumbukumbu ya kudumu badala ya diski. Toleo la 2 lilitosha katika kilobaiti 512, na toleo la 3.1 katika megabaiti 2, programu za kuchora na kuandika zikiwemo. Kompyuta ikiwashwa huwa tayari kwa sekunde chache.

Anayeuona kwa mara ya kwanza hushangazwa na kipanya. Vitufe vyake vitatu vyote vina kazi: cha kushoto huchagua, cha katikati hufungua menyu, na cha kulia hurekebisha, kwa mfano kufungua folda mpya huku ya zamani ikijifunga. Menyu haziko juu ya dirisha bali hutokea pale kipanya kilipo. Kuhifadhi faili hufanywa kwa kuburuta ikoni yake hadi kwenye folda inayotakiwa. Chini ya skrini kuna upau wa ikoni zinazoonyesha diski na programu zinazoendeshwa. Programu yenyewe ni folda ambayo jina lake linaanza na alama ya mshangao. Kuisakinisha ni kuinakili tu, na kuiondoa ni kuifuta.

Ndani yake mfumo umegawanywa katika moduli, yaani vipande vinavyoweza kupakiwa, kuondolewa na kubadilishwa kimoja kimoja. Muundo huu ulisaidia sana baadaye. Mtu aliyerekebisha moduli ya kalenda au ya kibodi aliweza kuijaribu kwenye kompyuta yake bila kuunda upya mfumo wote. Pia kila nakala ya mfumo huja na lugha ya BBC BASIC yenye asembla ndani yake, hivyo mwanafunzi anaweza kuandika maagizo ya ARM dakika chache baada ya kuwasha kompyuta.

Kuanguka kwa Acorn na kutawanyika kwa umiliki

Mwaka 1990 Acorn, pamoja na Apple na VLSI Technology, iliitenga kazi ya vichakataji kuwa kampuni ya kujitegemea iliyokuja kujulikana kama ARM. Kampuni hiyo ndogo ilikua hadi hisa ambazo Acorn ilikuwa nazo humo zikawa na thamani kuliko Acorn yenyewe. Wakati huohuo soko la kompyuta za mezani lilikuwa limeshikwa na Windows. Mwezi Septemba 1998 Acorn ilitangaza kufunga idara yake ya kompyuta, na mashine mpya iliyokuwa karibu kutoka, iliyopewa jina la Phoebe, ikafutwa.

Hapo ndipo tatizo la umiliki lilipoanza. Kampuni mpya iitwayo RISCOS Ltd ilipata leseni ya kuendeleza mfumo kwa kompyuta za mezani, ikatoa RISC OS 4 mwaka 1999. Lakini haki za msingi zilienda kwa Pace Micro Technology, watengenezaji wa visimbuzi vya televisheni, waliotumia RISC OS ndani ya visimbuzi hivyo na kuurekebisha kwa mahitaji yao. Mwaka 2002 kampuni ya tatu, Castle Technology, ilitoa kompyuta iliyoitwa Iyonix ikiwa na toleo jipya, RISC OS 5, lililotokana na kazi ya Pace. Mwaka 2003 Castle ikanunua haki za mfumo kutoka Pace.

Kwa hiyo kufikia mwaka 2003 kulikuwa na matawi mawili ya mfumo mmoja. Tawi la RISCOS Ltd, lililozaa matoleo ya 4 na baadaye 6, lilikuwa na maboresho mengi ya sura na matumizi. Tawi la Castle, toleo la 5, lilikuwa na kiini kilichoweza kuendeshwa kwenye vichakataji vipya. Kampuni hizo mbili zilibishana hadharani juu ya leseni na nani ana haki gani, na watumiaji, ambao hawakuwa wengi, wakagawanyika nao. Aliyenunua maboresho ya upande mmoja hakuweza kuyapata kwenye mashine ya upande mwingine. Jumuiya ndogo haiwezi kumudu hasara ya namna hii kwa muda mrefu.

Tatizo la biti 26

Tofauti ya kiufundi kati ya matawi hayo inastahili maelezo, kwa kuwa ndiyo iliyoamua ni tawi lipi lingeishi.

Vichakataji vya kwanza vya ARM viliweka vitu viwili katika rejista moja yenye biti 32, yaani rejista ya 15. Biti 24 zilishika anwani ya agizo linalotekelezwa, na biti 8 zilizobaki zilishika alama za hali ya kichakataji. Kwa kuwa kila agizo huchukua baiti nne, biti 24 zilitosha kufikia megabaiti 64 za kumbukumbu, sawa na anwani ya biti 26. Mwaka 1987 megabaiti 64 zilikuwa nyingi kupita kiasi. Faida yake ilikuwa kwamba programu ilipoita kijisehemu na kurudi, alama za hali zilirudi zenyewe bila agizo la ziada, na waandishi wa asembla waliutumia ujanja huu kila mahali.

Baadaye ARM ilizitenga alama hizo katika rejista yake na kuacha biti zote 32 kwa anwani. Vichakataji vipya viliacha kabisa kuelewa mtindo wa zamani. Programu ya RISC OS iliyoandikwa kwa ujanja ule haikuweza kuendeshwa humo, na kwa kuwa ni asembla, kompaila haikuweza kuigeuza. Ilibidi mtu aipitie mstari kwa mstari. Pace walifanya kazi hiyo kwenye kiini cha mfumo kwa sababu visimbuzi vyao vilihitaji chipu mpya, na RISC OS 5 ukairithi. Tawi la 4 na 6 lilibaki kwa sehemu kubwa limefungwa kwenye kompyuta za Acorn zilizokuwa zikizeeka na programu za kuiga kompyuta hizo.

Hatua ya kwanza: 2006

Mwezi Oktoba 2006 Castle ilitangaza kuwa ingeruhusu msimbo wa RISC OS 5 usomwe na urekebishwe na umma. Kazi ya kuusimamia ilipewa kampuni mpya, RISC OS Open Ltd, iliyoanzishwa na wahandisi waliowahi kufanya kazi Pace na walioujua msimbo kwa undani. Kundi la kwanza la msimbo lilitolewa mwaka 2007, na mengine yakafuata kidogo kidogo. Uchelewaji huo haukuwa uzembe. Kabla ya kutoa faili ilibidi ijulikane nani aliiandika na kama kuna kipande cha kampuni nyingine ndani yake, maana Acorn kwa miaka mingi ilikuwa imenunua na kuazima msimbo kutoka sehemu mbalimbali. Mtu hawezi kutoa leseni ya kitu kisicho chake.

Leseni ya 2006 ilikuwa na kikomo kimoja kikubwa. Matumizi yasiyo ya biashara yalikuwa bure, lakini aliyetaka kuuza bidhaa yenye RISC OS ndani yake alipaswa kupatana na Castle na kulipia. Kwa kipimo cha shirika la Open Source Initiative, ambalo linataka leseni isibague aina ya matumizi, hiyo haikuwa programu huria. Kulikuwa na athari mbili za vitendo. Kwanza, msanidi aliyejitolea alijua kuwa kazi yake ya bure ingeweza kuiletea kampuni fulani mapato, jambo ambalo baadhi hawakulipenda. Pili, msimbo haukuweza kuchanganywa na msimbo ulio chini ya leseni ya GPL, na hivyo sehemu kubwa ya dunia ya programu huria ilikuwa haifikiki.

Pamoja na hayo, hatua ile iliokoa mfumo. Ndani ya miaka michache watu wa kujitolea waliuhamishia kwenye BeagleBoard, ubao mdogo wenye kichakataji cha kisasa cha ARM, kisha kwenye PandaBoard. Kwa mara ya kwanza RISC OS uliendeshwa kwenye mashine ambayo hakuna kampuni ya RISC OS iliyoitengeneza.

Raspberry Pi

Mwezi Februari 2012 Raspberry Pi ya kwanza ilianza kuuzwa, kompyuta ndogo ya bei nafuu iliyobuniwa Cambridge kwa ajili ya kufundishia watoto. Kichakataji chake kilikuwa cha ARM, ndani ya chipu ya Broadcom. (Mabaki ya Acorn, yaliyopewa jina la Element 14, yalinunuliwa na Broadcom mwaka 2000, kwa hiyo ukoo haukuwa mbali sana.) Mwishoni mwa 2012 RISC OS ulikuwa tayari kwa ubao huo, na ukawekwa miongoni mwa mifumo iliyotolewa kwenye ukurasa wa Raspberry Pi wenyewe.

Mashine hii ilibadilisha mambo kuliko tangazo lolote. Mtu aliyesoma kwenye Archimedes akiwa mtoto aliweza sasa kuurudia mfumo ule kwa gharama ya ubao mmoja na kadi ya kumbukumbu, na mwanafunzi ambaye hakuwahi kusikia jina la Acorn aliweza kuujaribu bila kununua kitu cha ziada. Kwenye ubao uleule ambao Linux ya wakati ule iliuelemea, RISC OS uliwaka kwa sekunde chache. Baadaye mfumo ulihamishiwa kwenye matoleo yaliyofuata hadi Raspberry Pi 4.

Leseni ya Apache, 2018

Mwaka 2018 kampuni ya RISC OS Developments Ltd, iliyoundwa na watu wa ndani ya jumuiya ya RISC OS, iliinunua Castle Technology pamoja na haki zake zote za mfumo. Mwezi Oktoba mwaka huo ilitangazwa kuwa msimbo wa RISC OS 5 sasa uko chini ya leseni ya Apache 2.0, na RISC OS Open ikaendelea kuwa msimamizi wake.

Leseni ya Apache 2.0 ilichapishwa mwaka 2004 na Apache Software Foundation. Inamruhusu yeyote kutumia, kubadilisha, kugawa na kuuza programu, mradi abakize taarifa za hakimiliki na aonyeshe faili alizobadilisha. Inatoa pia ruhusa ya hataza kutoka kwa kila anayechangia. Haimlazimishi mtu kutoa msimbo wa mabadiliko yake, na hapo inatofautiana na GPL. Kwa wauzaji wadogo wa kompyuta za RISC OS, ambao ni wachache na wenye mtaji mdogo, tofauti hii ina maana: waliweza kuacha kulipia kila mashine bila kuogopa sharti jipya.

Apache 2.0 inakubaliana na toleo la tatu la GPL lakini si la pili, na kiini cha Linux kiko chini ya toleo la pili. Kwa sababu hiyo draiva za Linux, ambazo ndizo nyingi kuliko za mfumo mwingine wowote huria, haziwezi kuchukuliwa na kuingizwa katika RISC OS. Wasanidi hutegemea familia ya BSD, yenye leseni nyepesi. Sehemu ya USB ya RISC OS 5 ilitokana na NetBSD, na mradi wa kuupa mfumo mtandao mpya ulichukua msimbo wa OpenBSD.

Ikumbukwe kuwa leseni ya 2018 inahusu tawi la 5 pekee. Matoleo ya 4 na 6 hayakuingia, na maboresho yaliyokuwa huko tu ilibidi, pale yalipohitajika, yaandikwe upya.

Jinsi jumuiya inavyofanya kazi

Msimbo huhifadhiwa na RISC OS Open katika ghala la Git. Hapo awali ulikuwa katika mfumo wa zamani wa CVS. Mchangiaji hutuma mabadiliko, wengine huyapitia na kuyahoji, na yakikubalika huingizwa katika toleo la majaribio ambalo yeyote anaweza kulipakua. Baada ya muda toleo thabiti hutangazwa. RISC OS 5.28 ulitoka mwaka 2020 na 5.30 mwaka 2024. Toleo hilo la mwisho ndilo lililoleta Wi-Fi kwenye Raspberry Pi, jambo ambalo watumiaji wa mifumo mingine wameshalizoea kiasi cha kutoliona, lakini hapa lilihitaji draiva iandikwe na watu wachache sana.

Kwa kazi kubwa ambazo hakuna anayezifanya kwa hiari, RISC OS Open ina utaratibu wa harambee. Kazi hutajwa, watumiaji huchangia fedha kidogo kidogo, na kiasi kikitosha msanidi huichukua na kulipwa akiimaliza. Fedha hizo mara nyingi ni chini ya zile ambazo kazi hiyo ingegharimu sokoni; anayeichukua kwa kawaida anaupenda mfumo kwanza. Kampuni ya RISC OS Developments nayo imegharimia kazi kadhaa, ikiwemo kivinjari cha Iris kinachotumia injini ya WebKit. Kivinjari kingine, NetSurf, kilianzishwa mwaka 2002 na watumiaji wa RISC OS na sasa kinaendeshwa kwenye mifumo mingine pia.

Anayetaka kuujaribu bila kununua ubao anaweza kutumia RPCEmu, programu huria inayoiga kompyuta ya Acorn iitwayo Risc PC ndani ya Windows, Linux au macOS.

Mapungufu

Leseni nzuri haikuondoa udhaifu wa mfumo. RISC OS hugawa muda wa kichakataji kwa hiari: kila programu hupaswa kuachia nafasi ili nyingine zifanye kazi, na moja ikikwama yote husimama. Hutumia kiini kimoja tu cha kichakataji hata kama chipu ina vinne. Hauna ulinzi wa kutosha kati ya programu na mfumo wenyewe, na haukubuniwa kwa ajili ya watumiaji wengi wala vitisho vya intaneti ya leo.

Kuna pia suala la zana. Mfumo hujengwa kwa kompaila ya C na asembla zilizotoka Acorn, na kifurushi cha zana hizo huuzwa na RISC OS Open. Mauzo yake ni sehemu ya fedha zinazoiendesha. Kompaila huria ya GCC ipo kwa RISC OS na hutumika kwa programu za kawaida, lakini mfumo wenyewe umezoea kompaila yake ya asili. Mwanafunzi anayepakua msimbo bure hugundua basi kuwa kuujenga mfumo mzima kwa njia ya kawaida kunahitaji ununuzi. Si kosa la leseni, na sababu yake inaeleweka, ila ni kizingiti kwa mchangiaji mpya kuliko wanavyokiri wazoefu.

Kizingiti kikubwa zaidi kinatoka ARM yenyewe. Vichakataji vipya ni vya biti 64, na vingi vinaacha kuelewa maagizo ya biti 32. Cortex-A76 iliyo katika Raspberry Pi 5 bado huyakubali kwa programu za kawaida, lakini si kwa kiini cha mfumo wa uendeshaji. RISC OS hauwezi kwa hiyo kuendeshwa moja kwa moja kwenye ubao huo. Ni tatizo la biti 26 lililorudi kwa ukubwa mwingine, kwani maagizo ya biti 64 ni lugha tofauti, na asembla ya zamani haina namna ya kugeuzwa ila kuandikwa upya, pengine kwa C. RISC OS Open imezindua mpango wa kutafuta fedha za kuwaajiri wasanidi kwa kazi hiyo, ikikubali waziwazi kuwa imezidi uwezo wa watu wa kujitolea jioni baada ya kazi zao.

Mifumo mingine ya zamani

RISC OS si pekee uliofunguliwa, lakini malengo hutofautiana. Microsoft iliruhusu msimbo wa matoleo ya awali ya MS-DOS uonekane kupitia Computer History Museum mwaka 2014, ikauweka chini ya leseni huria ya MIT mwaka 2018, na kuongeza toleo la 4.00 mwaka 2024. Hata hivyo ilieleza kuwa ghala lile ni la kumbukumbu na haipokei marekebisho. Anayetaka DOS inayoendelezwa hutumia FreeDOS, mradi ulioanzishwa na Jim Hall mwaka 1994 na kuandikwa upya tangu mwanzo. Msimbo wa kompyuta ya Lisa ya Apple ulitolewa mwaka 2023 na jumba hilohilo la makumbusho kwa masharti ya kusoma na kujifunza tu. Matoleo ya kale ya Unix yalipewa leseni ya mtindo wa BSD na kampuni ya Caldera mwaka 2002.

Pale ambapo wenye haki hawakufungua, jumuiya zimeandika upya kile zilichokipenda. Haiku, ulioanza mwaka 2001, unafuata BeOS, na AROS unafuata AmigaOS. Njia hiyo haihitaji ruhusa ya mtu, lakini hugharimu miaka: toleo la kwanza la majaribio la Haiku lilitoka mwaka 2009. Wasanidi wa RISC OS walingoja leseni yao kwa miaka kumi na mmoja tangu msimbo ulipoanza kuonekana, lakini wakati wote huo walikuwa wakifanya kazi juu ya msimbo halisi wa Acorn.